George Malcolm: Mpiga Hapsikodi au Mwalimu wa Kwaya?

Ukiwauliza wapenzi wa muziki wa kale wa Ulaya George Malcolm alikuwa nani, utapata majibu mawili. Wengine watakuambia alikuwa mpiga hapsikodi, ala ya vibao iliyotangulia piano, hodari kuliko wote waliotokea Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, na wengine watamtaja kama mwalimu aliyeibadili sauti ya kwaya ya wavulana katika Westminster Cathedral, kanisa kuu la Wakatoliki jijini London, ambako aliongoza muziki tangu mwaka 1947 hadi 1959. Alipiga pia ogani na piano, akatunga, akaongoza okestra. Alipofariki mwaka 1997, akiwa na umri wa miaka 80, sifa zake katika kazi hizo mbili kubwa zilikuwa zimekwisha kuachana njia: ya kwanza ilikuwa imepungua, ya pili imeongezeka. Nadhani hukumu hiyo ina haki, ila si kwa sababu zinazotolewa kila mara.

Lawama kubwa juu ya hapsikodi yake inahusu ala yenyewe. Hapsikodi haigongi nyuzi kama piano. Ubonyezapo kibao, kijino kidogo huudonoa uzi. Ala alizopiga Malcolm katika miaka ya 1950, zikiwemo zile za fundi Thomas Goff wa London, zilikuwa nzito, zenye pedali za kubadilishia sauti huku mikono ikiendelea kupiga, kitu ambacho Bach, mtunzi Mjerumani wa karne ya 18, na wenzake kwa kawaida hawakuwa nacho. Malcolm aliitumia nafasi hiyo kikamilifu: sauti ilipanda ngazi kwa ngazi, ikanyamaza ghafla, ikarudi na rangi nyingine. Wakati huohuo mafundi kama Frank Hubbard na William Dowd wa Boston walikuwa wameanza kuunda ala nyepesi kwa kufuata zile za karne ya 17 na ya 18, na wapigaji kama Gustav Leonhardt wa Amsterdam wakaonyesha kwamba utajiri wa muziki huo hautegemei pedali, bali namna vidole vinavyochelewesha noti moja na kuiachia nyingine. Kufikia miaka ya 1970, upigaji wa Malcolm ulionekana kuwa wa zamani.

Wanaomtetea husema kwamba yeye na wenzake, akina Thurston Dart na Eileen Joyce, walikaa pamoja jukwaani katika ukumbi wa Royal Festival Hall wakapiga tamasha za hapsikodi nne, na kuwavuta watu ambao hawakuwahi kuisikia ala hiyo. Huo ni utetezi wa kweli lakini dhaifu, kwani kuvuta umati hakuthibitishi kwamba muziki ulipigwa inavyostahili. Utetezi ulio bora zaidi, kwa maoni yangu, ni mwanafunzi wake András Schiff, ambaye amejijengea jina kwa kumpiga Bach kwenye piano. Mtu hafundishwi pedali za hapsikodi kisha akazitumia kwenye piano. Alichopokea Schiff ni jinsi ya kuifanya kila sauti iimbe peke yake ndani ya sauti nyingine, na hicho hakizeeki pamoja na ala. Wawili hao walirekodi pia muziki wa Mozart wa mikono minne kwenye piano iliyokuwa mali ya Mozart mwenyewe.

Hapo ndipo kwaya inapoingia, kwa kuwa sikio ni lilelile. Kwaya nyingi za makanisa makuu ya Kianglikana ziliwafundisha wavulana kuimba kwa sauti ya kichwani: laini, safi, isiyo na makali. Malcolm aliona kwamba mvulana anayepaza sauti uwanjani anapocheza tayari anayo sauti yenye nguvu na uhai, na kazi ya mwalimu ni kuitawala sauti hiyo, si kuizima. Watu waliuita mtindo wake wa "bara", yaani wa Ulaya nje ya Uingereza, kana kwamba Ulaya nzima kuanzia Madrid hadi Vienna huimba kwa sauti moja; jina hilo silikubali. Wapinzani walisema sauti hiyo ni kali, kwamba haichanganyiki vizuri na inaweza kumchosha mtoto. Hoja ya mchanganyiko ina uzito: katika zaburi za Kianglikana, ambako maneno hutiririka kwa utulivu na hakuna anayepaswa kusikika peke yake, sauti laini hufaa zaidi.

Lakini sikiliza rekodi ya mwaka 1959 ya nyimbo za Juma Kuu za Tomás Luis de Victoria, mtunzi Mhispania, zilizochapwa mwaka 1585. Katika ule wimbo wa Maombolezo, "enyi nyote mpitao njia", wavulana hawasikiki kama malaika walio mbali. Wanasikika kama watu walioumia wakimwita mpita njia asimame. Katika kanisa lile kubwa lenye mwangwi mrefu, sauti laini ingeyeyuka kabla maneno hayajafika. Mtunzi Mwingereza Benjamin Britten aliwasikia wavulana hao mwanzoni mwa mwaka huohuo, na Malcolm alipokuwa anaaga akawatungia misa fupi ya sauti tatu na ogani. Gloria yake, yaani wimbo wa utukufu, inarukaruka kwa mapigo saba, na Agnus Dei, "Mwanakondoo wa Mungu", inatembea polepole juu ya pedali ya ogani inayorudia hatua zilezile, huku wavulana wakiomba rehema kwa sauti inayozidi kukaza. Ukiwapa waimbaji wa sauti ya kichwani pekee ukurasa huo, utapata uzuri, ila hofu iliyomo utaikosa.

Ndiyo maana naona kwamba uamuzi wa kuondoka mwaka 1959 ili ajikite katika hapsikodi na okestra ulikuwa na gharama. Tamasha alizopiga baadaye zilikuwa na washindani wengi na ala zilizokuwa zinabadilika kila mwaka. Pale Westminster alikuwa na watoto walioimba kila siku, na baada yake waliendelea kufundishwa kuitoa sauti yao kwa nguvu ileile.