Nusu ukurasa wa mzee wetu

Jumamosi nilikwenda kumzika mzee mmoja aliyekuwa akichora mabango mtaani kwetu. Jina silitaji, familia sijaiomba ruhusa. Ila kama umekaa upande wetu wa Temeke, basi umeshanyolewa chini ya kichwa alichokichora yeye, au umenunua nusu kilo ya nyama huku ng'ombe wake anakutazama.

Ikafika zamu ya wasifu wa marehemu. Nikaangalia saa, tabia mbaya, najua. Dakika tatu hazikufika. Kazaliwa, kasoma mpaka darasa la saba, kaoa, kajaaliwa watoto watano, "alijishughulisha na shughuli mbalimbali za kujiajiri", kaugua, Mungu kampenda zaidi. Basi. Miaka arobaini ya brashi imeishia kwenye "shughuli mbalimbali".

Nilimkasirikia aliyeandika ile karatasi, halafu hasira ikanigeukia mwenyewe. Nimekaa na yule mzee kwenye benchi la kahawa miaka mingapi? Najua alikuwa akiipunguza brashi kwa wembe mpaka zinabaki nywele chache za kuchorea kope. Najua alikuwa na kijiti kilichofungwa kitambaa nchani, anaegemeza mkono hapo ili rangi mbichi isichafuke. Lakini nani alimfundisha? Kwa nini ng'ombe wake wote wanatabasamu, na wapo bucha? Sikuuliza hata siku moja. Tulikuwa tunabishana Simba na Yanga.

Usiku ule nikamkumbuka Giorgio Vasari. Mliosoma sanaa najua mnaguna: tena huyo? Ndiyo, tena huyo.

Mtu wa Arezzo, Italia, kazaliwa 1511, mchoraji, baadaye msanifu majengo wa Cosimo de' Medici, mtawala wa Florence. Mwaka 1527, wakati wenyeji wamewafukuza akina Medici, benchi lilirushwa kutoka dirisha la ikulu likavunja mkono wa kushoto wa sanamu ya Daudi ya Michelangelo. Vipande vitatu vikalala pale uwanjani. Vasari, kijana wa miaka 15, na rafiki yake Francesco Salviati wakapenya katikati ya askari, wakaviokota, wakavipeleka nyumbani kwa baba yake Salviati. Kaisimulia mwenyewe, kwa hiyo punguzeni chumvi mnavyoona inafaa. Mimi hiyo habari naipenda kwa sababu ndiyo kazi aliyokuja kuifanya maisha yake yote: kuokota vipande kabla watu hawajavikanyaga.

Mwaka 1550 akatoa kitabu cha maisha ya wachoraji, wachongaji na wasanifu, kuanzia Cimabue wa karne ya 13 mpaka Michelangelo, ambaye alikuwa bado hai. Na jamani, alikipata wapi? Hakukuwa na makavazi ya kuingia na kitambulisho. Aliuliza wazee. Aliandika barua. Alisoma maandishi ya makaburini, akachambua daftari za waliomtangulia, akasimama mbele ya kuta na kutazama. Halafu, na hapa ndipo ninapomvulia kofia, kitabu kilipokwisha kumpa jina hakukaa akajipongeza. Mwaka 1566 alizunguka tena miji ya Italia kutazama kazi upya, na 1568 akatoa toleo la pili, nono kuliko la kwanza. Wakati huohuo ana jengo la Uffizi mkononi, ana chuo cha wasanii alichosaidia kukianzisha 1563, ana tajiri yake, Cosimo, anayetaka njia ya juu kwa juu kutoka ikulu mpaka ng'ambo ya mto Arno. Njia hiyo ilijengwa kwa miezi mitano hivi mwaka 1565, ili iwahi harusi ya mtoto wa tajiri. Sisi tukiambiwa tuandike ukurasa mmoja juu ya babu zetu, tuko bize.

Haya, mliosoma sanaa, najua mnachosubiri niseme. Alikuwa mwongo.

Sawa, alikuwa mwongo. Kuandika kwake juu ya wachoraji wa Venice, wapinzani wa Florence yake, ni kama mwanachama wa Simba kuandika historia ya Yanga. Wanawake aliwapa kona finyu, na hilo sina la kumtetea. Baya kuliko yote ni la Andrea del Castagno: Vasari kaandika kwamba alimuua mchoraji mwenzake, Domenico Veneziano, kwa wivu. Zaidi ya miaka 300 maskini Castagno akaitwa muuaji. Kumbe Castagno alikufa 1457, kwa tauni, na Domenico akafuata 1461. Aliyeuawa kaishi miaka minne baada ya muuaji wake!

Lakini tazameni hilo kosa lilivyogundulika. Karne ya 19 wasomi waliingia kwenye nyaraka za Florence wakiwa na kitabu chake mkononi, wanakagua mstari kwa mstari. Uongo wake ulikuwa na majina, mtaa na kanisa, ulikamatika. Ile "shughuli mbalimbali" ya Jumamosi utaikamata wapi? Ni kweli tupu, na haina kitu ndani. Edward Saidi Tingatinga alipigwa risasi na polisi hapa Dar es Salaam mwaka 1972, wakimdhania mhalifu, baada ya miaka minne hivi tu ya kuchora. Jina lake limegeuka jina la bidhaa, linaning'inia kila duka la watalii. Simama kwenye duka mojawapo uulize alikuwa mtu gani, alikuwa akicheka na nini. Utaambiwa bei.

Michoro ya Vasari mwenyewe, kusema ukweli, haimsumbui mtu usingizi. Inasimuliwa kwamba alijisifu mbele ya Michelangelo kuwa ukumbi mmoja kule Roma aliumaliza kwa siku 100, akajibiwa: inaonekana. Na bado alijua ukubwa wa wenzake. Alipoamriwa kukarabati kanisa la Santa Maria Novella, madhabahu mapya yakaangukia palepale penye Utatu wa Masaccio, mchoro aliousifu kitabuni. Ule mchoro ulibaki mzima nyuma ya madhabahu yake mpaka ukafichuliwa karne ya 19.

Nimeyaandika haya kwa sababu jana nilipita buchani. Mwenye bucha kaweka bango jipya la kuprinti, lile la plastiki, lina picha ya ng'ombe wa Ulaya aliyetolewa intaneti. Nikamwomba nichungulie nyuma yake. Kaniona nimechanganyikiwa, ila kafungua kamba upande mmoja. Yupo. Anatabasamu, kope moja moja.

Jioni nikawatafuta vijana wawili waliowahi kumbebea makopo ya rangi, nikawa na daftari. Mmoja anasema mzee alijifunza Morogoro kwa Mgoa mmoja. Mwingine anaapa ni Tanga, gerejini, na hakukuwa na Mgoa yeyote. Walibishana mpaka kahawa ikapoa. Nimeandika yote mawili.