Otoni ya Katuba

Yote yalianza na picha ya mtoto wa watu.

Dada ya mke wangu anaishi Liège, Ubelgiji. Alhamisi moja ya mwezi wa Oktoba alitutumia picha ya mwanawe amekaa katikati ya rundo la majani makavu, mekundu na ya njano, amevaa sweta ya sufu, kofia yenye kishada juu na buti ndogo za mpira. Mtoto anacheka, pua nyekundu, majani yamemzunguka kama bwana harusi. Chini yake ameandika: "Otoni imefika," yaani majira yao ya majani kuanguka.

Mke wangu, mama Junior, aliitazama hiyo picha akisonga bukari, ugali wetu. Akaitazama tena wakati wa kula, na taa zilipozimwa nikaona uso wake bado unang'aa kwa mwanga wa simu. Asubuhi yake akaniuliza swali ambalo mume mwenye akili halijibu kabla ya kunywa chai:

"Baba Junior, sisi hatuna majani?"

Nikajibu kabla ya chai. Nikasema tunayo.

Ni kweli tunayo, ila si ya namna ile. Kule majani huanguka kwa sababu siku zinafupika na baridi inabisha hodi. Sisi huku Lubumbashi, Kongo, mti hupukutisha majani wakati wa kiangazi, maji yakikauka ardhini, na ikifika Oktoba hakuna baridi ya kusingizia. Oktoba ndiyo mwezi wetu wa joto kuliko yote: mvua haijaja, vumbi jekundu linakula nawe sahani moja, jacaranda zimechanua zambarau na hakuna mwenye nguvu ya kuinua shingo azitazame. Hata ule wekundu wa Ubelgiji tunao. Shika barabara ya Likasi utaona miti ya miombo imevaa majani mekundu kama shaba, na tone la mvua halijadondoka. Lakini yale ni majani machanga, ndiyo kwanza yanazaliwa. Ya Liège yanakufa. Nilianza kumweleza mama Junior tofauti hiyo.

"Mimi sikuuliza masomo," akasema. "Niliuliza majani. Na sweta."

Sweta niliipata kwenye mitumba kwa dola mbili. Muuzaji alikuwa amebaki nayo tangu Julai, wakati usiku wetu una baridi ya kweli na watu wanagombania nguo nzito. Aliposikia nataka sweta ya mtoto, ya sufu, na kofia yake, leo, katika jua lile, hakubishana bei hata kidogo. Alinifungia haraka kabla sijapata fahamu. Buti hazikupatikana. Tulikubaliana kwamba miguu itafukiwa.

Tatizo la pili ndilo lililotuponza. Lupango yetu, kiwanja cha nyumba, ina mti mmoja wa avoka, na mama Junior hufagia kila alfajiri kana kwamba gavana atapita. Nilizunguka mti ule nikapata majani ya kujaza beseni moja. Junior ana mwaka mmoja na miezi kumi, na kwa kimo chake ni mtoto wa gunia, si wa beseni. Basi Jumamosi asubuhi nikaita vijana wa avenyu yetu, wale wa miaka minane, tisa, wanaojua kila kona ya mtaa wetu wa Katuba, nikatangaza: gunia moja la majani makavu, faranga mia tano.

"Ya muti gani?" akauliza mmoja.

"Yoyote. Mulete yote munayoona."

Naomba msomaji ayakumbuke maneno hayo. Mimi nilikumbushwa.

Ilikuwa siku ya salongo, usafi wa pamoja. Watu walikuwa wanasafisha mifereji mbele ya milango yao, na shefu wa avenyu alikuwa anapita kukagua. Akakuta kwangu vijana saba wanaingia na magunia ya majani. Shefu alisimama. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Alisema miaka yote aliyoongoza avenyu hii hajapata kuona baba mmoja anakusanya uchafu wa avenyu nzima kwa fedha zake mwenyewe, na kwamba atalitaja jina langu kwenye mkutano. Nilinyamaza. Ukisifiwa siku ya salongo, unapokea.

"Sasa mutatupa wapi?" akauliza.

"Hatutupi, shefu. Mutoto atakaa ndani."

Shefu alinitazama, akatazama rundo, akatazama mlango ambako mama Junior alikuwa anatoka na mtoto aliyefungwa sufu mpaka masikioni, jasho limeshaanza kumchuruzika kwenye mashavu. Akavuta kiti cha plastiki akakaa. Nadhani aliona huu si wakati wa kuondoka.

Rundo lilikuwa zuri, nalisema bila kujisifu. Magunia sita yalikuwa yamemwagwa, majani ya avoka na ya mwembe, yamenifika magotini. Gunia la saba lililetwa na kijana mmoja mwembamba aliyelibeba polepole mno, kwa mikono miwili, kama anabeba sufuria ya supu. Akalimimina juu taratibu. Nikafikiri: huyu ana malezi.

Tukamweka Junior. Akazama mpaka kifuani. Akavua kofia, akaitupa. Tukamvika. Akaitupa. Mara ya tatu mama Junior akaifunga kamba chini ya kidevu, mtoto akanuna vibaya sana, midomo imemvimba, hakuna picha ya otoni pale, ilikuwa picha ya mtoto aliyekamatwa na polisi.

"Muchekeshe!" mama Junior akaniambia, simu mkononi.

Nikaruka. Nikaimba. Nikajifanya mbuzi. Shefu alicheka, Junior hakucheka. Halafu akajisogeza kidogo kutafuta mkao, nikasikia *kwa*. Kisauti kidogo tu, kama mtu aliyevunja kijiti. Junior akatulia. Akatazama chini. Akajisogeza tena, makusudi. *Kwa, kwa.* Uso ukafunguka, meno yote manane nje, akaanza kucheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, cha tumboni kabisa.

"Hapo hapo!" mama Junior akasema, na simu ikawa inapiga picha mfululizo.

Junior akazamisha mkono ndani ya majani, akautoa juu. Ulikuwa unatiririka njano mpaka kwenye kiwiko. Akazamisha mkono wa pili, akatoa yai zima, jeupe, akalinyanyua kwa mama yake na kusema neno lake jipya kuliko yote: "Tutu!"

Tutu ni kuku. Na kweli, tutu alikuwa anakuja.

Kuku anayeatamia huinuka mara moja kwa siku, dakika chache tu, kula, kunywa na kujinyoosha. Kuku wa Kambo, bibi jirani yetu, alikuwa ametaga kwenye majani nyuma ya choo chao, na dakika hizo chache zilitosha kwa kijana mmoja mwenye malezi na gunia. Kuku aliporudi akakuta udongo mtupu. Sijui aliulizia kwa nani. Ninachojua ni kwamba alipita juu ya ukuta wa matofali, mabawa wazi, manyoya yamesimama, na hakumwendea mtoto wala mama Junior. Alinijia mimi.

Hapa lazima nikiri jambo. Baba anatakiwa kumkinga mtoto wake. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwa Junior, nilikuwa na muda wa kumnyakua. Lakini miguu haikuniuliza. Niliruka kiti cha shefu, shefu mwenyewe akiwa bado juu yake, nikaingia jikoni, nikafunga mlango na kuushikilia kwa bega. Kutoka ndani nikasikia mke wangu anacheka hadi anakohoa.

Nilipotoka, Kambo alikuwa ameshafika, khanga imefungwa kiunoni, kuku wake kwapani. Nilimsalimia kwa heshima, magoti yamekunjwa kidogo. Hakuitikia. Alikuwa anahesabu maganda.

"Kambo, nisamehe. Mayai sita yalivunjika. Nitalipa mayai sita."

"Hii haiko mayai, Baba Junior," akasema. "Hii iko kuku sita."

Nikamwangalia shefu. Shefu akatikisa kichwa kwamba hoja ni nzito. Kambo akaendelea: katika kuku sita, tuseme wanne ni majike. Kila jike atataga, ataangua, mpaka sikukuu za mwisho wa mwaka ujao lupango yake itakuwa imejaa kuku, na kwa kuku hao angenunua mbuzi, na mbuzi... Alipofika kwenye mbuzi wa pili kuzaa mapacha, shefu akamsimamisha. Mimi nikaona nafasi, nikasema nitaleta trei nzima ya mayai kutoka dukani, thelathini.

Kambo alinitazama kwa huruma.

"Mayai ya dukani haina baba," akasema.

Hukumu ilitolewa hapo hapo: kuku jike mmoja kwa Kambo, na bia mbili za Simba za baridi kwa shefu, kwa sababu ya kazi ya kuamua na kwa sababu nilimkanyaga. Mayai matatu mazima yalirudishwa nyuma ya choo, na majani yake. Kabla sijapumua, vijana saba wakapanga mstari kudai mia tano zao. Yule mwembamba alidai zaidi, kwa kuwa lake lilikuwa na mayai.

"Uliyaona mayai?" nikamuuliza.

"Nilibiona. Ulisema tulete yote."

Nikamlipa. Jioni nikayarudisha majani yote jalalani mwenyewe, gunia kwa gunia, na shefu hajalitaja jina langu kwenye mkutano wowote.

Kati ya picha arobaini na moja alizopiga mama Junior, moja tu ilifaa. Mtoto yuko katikati ya rundo, kofia imeinama, anacheka, yai juu kama mtu aliyeshinda kombe. Juu ya kichwa chake kuku yuko hewani, mabawa yamejaza nusu ya picha. Na pembeni kabisa, ukiitazama vizuri, kuna kisigino cha kandambili kinachoondoka. Niliomba hicho kisigino kikatwe. Mama Junior akaituma Liège hivyo hivyo, akaandika chini: "Na kwetu imefika."

Shemeji alikaa kimya siku tano. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ile ambayo wenzetu wanarudisha saa nyuma, simu ikalia saa tano usiku. Kwao ilikuwa saa nne tu, mtoto bado hajalala, tunamsikia analia nyuma yake. Nikadhani kuna msiba.

"Baba Junior," shemeji akasema, amechoka, "huyu ameona foto yenu. Majani hataki tena hata kuyakanyaga. Kila siku njo vile, analilia kuku. Sasa niambie, hapa Liège kuku muzima nitamutoa wapi?"