Scania Yangu Ilivyokwama

Ukikulia Mbeya, malori unayajua kabla hujajua kusoma. Barabara ya TANZAM imelipasua jiji katikati: shaba ya Zambia na Kongo inashuka kwenda bandari ya Dar es Salaam, makontena na mafuta yanapanda kwenda Tunduma. Sisi watoto wa Iyunga tulikuwa tunalitambua lori kwa mlio, tena usiku, tumejifunika blanketi mbili. Wenzangu wengi waliishia kuwa utingo, baadaye wakashika usukani. Mimi nikaishia kuwa na steshenari Mwanjelwa, natoa fotokopi za vyeti vya kuzaliwa. Ugonjwa wa malori haukunitoka, basi nayajenga mwenyewe. Kwa kipimo cha 1/24.

Maana yake, sentimita 24 za lori la kweli ni sentimita moja mezani kwangu. Dereva wa kimo cha kawaida anakuwa na sentimita saba. Kichwa na tela lake, mita 16 na nusu kwa pamoja, vinakuwa kama sentimita 69, mzigo wa kubeba kwapani. Vifurushi vya kuunga vinatengenezwa na kampuni kama Revell ya Ujerumani na Italeri ya Italia, na Scania yangu ni ya hao Waitaliano. Inakuja ndani ya boksi, vipande vimening'inia kwenye fremu za plastiki. Unakata kimoja kimoja kwa kikata kucha, unapiga msasa, unaunga. Gundi yake inayeyusha plastiki pande zote mbili, zikikauka ni kitu kimoja, hakuna kurudi nyuma. Kwenye vioo ndipo usithubutu kugusa supaglu. Mvuke wake unaacha utando mweupe, na dereva wako ataendesha maisha yake yote kama yuko kwenye ukungu wa Kitulo.

Boksi lilikuwa na kichwa tu. Tela nililiunda kwa vifuniko vya ndoo za aiskrimu, mirija ya kalamu za biki na waya za mwavuli. Turubai nikalikata kwenye kitambaa cha mwavuli huohuo. Mvua iliponyesha mama watoto akauliza mwavuli uko wapi, nikamjibu ukweli mtupu: "Uko kwenye tela." Bado hajanisamehe, na Mbeya mvua si kitu cha kutania.

Sasa shida ya hobi hii ni lugha yake. Mdogo wangu aliye Makambako ndiye pekee katika ukoo anayeielewa, kwa hiyo tunazungumza naye kwenye simu, na mimi simu huwa naipokelea dukani, mbele ya wateja na ndugu wapita njia. "Matairi ya nyuma bado hayajafika." "Kichwa nimekipiga rangi upya, ile ya kwanza ilivimba." "Tela liko tayari, wiki hii naliweka mzigo." Mtu anayesubiri fotokopi anasikia hayo, anatazama viatu vyangu, anabaki na lake moyoni.

Ilipokamilika ilikuwa safi mno. Hakuna lori la TANZAM linalong'aa namna ile, labda siku linaposhushwa bandarini. Nikaanza kuichafua, kazi ambayo kwangu ni tamu kuliko kuunga. Udongo mwekundu wa uani nikauanika, nikautwanga, kisha nikauchekecha kwa kichungi cha chai. Lazima uchekeche, kwa sababu mchanga haujui kipimo: chembe ya milimita moja kando ya tairi langu ni kokoto ya karibu sentimita mbili na nusu. Nikachanganya na gundi ya mbao na maji kidogo, nikapaka madigadi, tangi la mafuta, kingo za tela. Juu ya kioo cha mbele nikabandika maneno niliyoprinti dukani: TUTAFIKA TU.

Jioni moja mvua ilikatika, jua likachomoza kidogo kabla ya kuzama, na Mlima Loleza ukaonekana wote. Nikaipeleka Scania nyuma ya nyumba, kwenye tuta la viazi. Nikaizamisha matairi ya nyuma, nikalilaza tela upande kidogo, nikapanda vipande vya kuvu ya ukutani viwe majani. Maji sikuyagusa. Tone la maji halipungui kwa kumheshimu mtu, ukilimwaga karibu na gari dogo kila jicho linajua. Madimbwi niliyapaka kwa vanishi. Nikalala kifudifudi kwenye matope, simu nimeiweka chini kabisa, usawa wa macho ya mtu wa sentimita saba. Loleza nyuma, wingu juu, TUTAFIKA TU imeinama pembeni.

Picha ile, naisema bila unyenyekevu wowote, ilikuwa ya kutisha. Nikamtumia mdogo wangu. Muda huohuo simu ikazima, nikaiacha izime, maana umeme nao ulikuwa umeshakatika.

Yaliyofuata niliyasoma baadaye, kwa utaratibu wake, kama mtu anayesoma kesi yake mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa ameipeleka picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ikiwa na maneno matano: "Jamani oneni Scania ya kaka." Kisha akaingia kwenye ibada ya jioni akazima simu, kama Mkristo mwema.

Wa kwanza alikuwa shangazi wa Tukuyu: "Dereva mzima?" Hakuna aliyejibu, na ukimya kwenye kundi la ukoo ni taarifa ya msiba. Akatuma sauti ya dakika nne, maombi matupu. Binamu mmoja akasema hapo ni mteremko wa Iwambi, anapajua. Mwingine akasema si Iwambi, ni Inyala, na hizo ni breki zimefeli. Mkwe mmoja, kijana mpole anayefundisha jiografia, akaandika kwamba mlima unaoonekana ni Loleza, na Loleza hauwezi kukaa upande huo ukiwa Inyala. Wakamwambia huu si wakati wa masomo.

Ndipo akatokea mjomba anayeishi Chimala. Huyu mjomba kila tukio nchini lilimkuta akiwa karibu. Akaandika: "Nimepita hapo saa kumi nikiwa kwenye basi. Hali si nzuri. Wanashusha mzigo." Akaulizwa mzigo gani. Akajibu: "Shaba."

Naomba msomaji asimame kidogo kwa heshima ya mjomba. Aliona lori langu, akaona watu wanashusha shaba, na shaba yenyewe ilikuwa kadi za mialiko ya harusi nilizozipaka rangi ya kahawia.

Baada ya shaba, huruma ikaanza kupungua na hesabu ikapanda. Mweka hazina wa kamati ya sendofu ya binti wa baba mkubwa aliingia taratibu: "Poleni sana. Ila nauliza tu. Mwenye Scania ndiye aliyeahidi elfu ishirini akatoa kumi?" Kimya. "Mimi nauliza tu." Mtu akakumbusha kwamba mwaka juzi niliomba nipunguziwe mchango wa kaburi la babu kwa sababu biashara ya fotokopi imeshuka. Shangazi mwingine akasema alijua zamani, kwa sababu alipita dukani akanisikia nikiagiza matairi. Kabla ya saa moja jina langu lilikuwa limeshasogezwa kwenye orodha, mbele yake imeandikwa laki tano, na chini yake alama ya mikono iliyoshikana.

Bamdogo hakuandika neno. Yeye ana gereji Uyole, amefungua injini za malori tangu mimi sijazaliwa, na kwake kuandika kwenye simu ni kazi ya watu wasio na spana. Alipiga, hapatikani. Akapiga tena. Akafunga gereji.

Saa mbili usiku nikasikia pikapu inagonga geti kwa bampa. Nikatoka na tochi. Bamdogo ameshuka, koti la mvua mwilini, na nyuma vijana wanne wamekalia minyororo, majeki ya tani 20, mbao za kuwekea chini ya matairi, na dumu la dizeli.

"Shikamoo bamdogo."

"Marahaba. Pole sana mwanangu. Twende, panda tuwahi kabla hawajaiba betri."

"Betri ya nini, bamdogo?"

Akaniangalia kwa huruma ya kweli, ile ya kumtazama mtu aliyechanganyikiwa kwa hasara. Akanishika bega. "Gari liko wapi?"

"Liko nyuma. Kwenye viazi."

Akawageukia vijana: "Limeingia mpaka kwa watu!" Wakaruka na minyororo, wakazunguka nyumba mbio, mimi nawafuata nikipiga kelele wasikanyage. Kijana wa mbele akasimama ghafla, wa nyuma akamgonga, jeki likaanguka kwenye kabichi za mama watoto. Tochi zote zikaelekea chini.

TUTAFIKA TU.

Nilitegemea matusi. Nilitegemea hata kibao, maana bamdogo anacho kibao. Lakini alichuchumaa, akavaa miwani, akalisogezea tochi. Akahesabu nati za tairi la mbele kwa ncha ya ukucha: kumi. Akaguna. Akachungulia chini, kwenye difu. Akaguna tena, safari hii kwa sauti ya mtu aliyeguswa. Kisha akaweka kidole kati ya kichwa na tela.

"Paipu za upepo ziko wapi?"

"Zipi?"

"Nyekundu na ya njano. Nyekundu inapeleka upepo kwenye tela, njano inapeleka amri ya breki. Hapa hakuna kitu." Akawaangalia vijana kama darasa. "Upepo ukikosekana kwenye tela breki zinajikaza zenyewe. Hili tela halikukwama kwenye tope. Lilifunga breki tangu alipoliunganisha. Tope mnalisingizia."

Vijana wakatikisa vichwa. Mmoja akasema na yeye alikuwa na wasiwasi huo.

Tukaingia ndani, mama watoto akaweka chai kwenye meza ya mishumaa, bila kuchuja, kwa sababu ambayo ilibidi nieleze. Simu ikapata chaji kutoka kwenye pikapu, na ndipo kundi la ukoo likanimiminikia. Bamdogo akaleta hesabu yake: dizeli, vijana wanne, gereji kufungwa mapema. Laki moja na ishirini.

Nikamwambia kwa adabu kwamba gari ni la 1/24, basi tugawanye kwa 24, nitoe elfu tano. Bamdogo akaanza kufikiri, nadhani angekubali. Mwanangu wa kidato cha tatu akanyanyua kichwa kwenye daftari: "Baba, 24 ni kwa urefu. Uzito unagawanywa kwa 24 mara tatu, yaani 13,824. Lori la tani 56, mwisho wa sheria ya barabara, kwa kipimo chetu lina kilo nne tu." Akapiga kalamu. "Bamdogo anatudai kama shilingi tisa."

Bamdogo akakunywa chai yake polepole. "Na dizeli niliyochoma ilikuwa ya kipimo gani?"

Nikalipa nusu, nyingine nimeahidi. Kwenye kundi nilituma picha mpya, Scania kwapani mwa bamdogo, ukweli wote umeonekana. Shangazi wa Tukuyu akashukuru Mungu kwamba dereva hakuumia. Mweka hazina akajibu kwamba ahadi ikishaandikwa kamati haina mamlaka ya kuifuta. Mjomba wa Chimala akasema aliyoiona yeye ilikuwa nyingine, ila pole zake ziko palepale.

Bamdogo aliondoka nayo usiku uleule, amempakata dereva wake wa sentimita saba, akisema hawezi kuacha tela bila breki litembee kwa jina la ukoo. Wiki iliyofuata nikaenda Uyole kuichukua. Ilikuwa juu ya benchi la vaisi, paipu nyekundu imeshafungwa, waya wa simu wa kweli, kazi safi. Ya njano bado. Nikauliza itakuwa tayari lini.

"Usinisumbue," akasema kutoka chini ya gari. "Kuna Fuso mbili mbele yako."