Kunakili ndiko kulikoiokoa Tingatinga

Lawama ni ile ile kila picha za Tingatinga zinapotajwa jijini Dar es Salaam: wanakopiana. Pita vibanda vya Msasani karibu na Morogoro Stores, nenda Mwenge, vuka bahari mpaka vichochoro vya Mji Mkongwe, utakutana na chui yule yule, twiga wale wale waliopishanisha shingo, samaki wale wale waliobanana hata kidole hakipenyi. Waliosomea sanaa chuoni husema hiyo ni bidhaa. Mtalii husema hivyo hivyo akishanunua moja na kuiona ndugu yake duka la tatu. Na sisi wenyeji, ambao wengi wetu hatuna hata picha moja ukutani, tumeipokea hukumu hiyo bila kuipima.

Mimi kinachonikaa kichwani ni miaka minne. Edward Saidi Tingatinga, mwasisi ambaye mtindo huu umebeba jina lake, mzaliwa wa Tunduru, aliyepitia mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kuja Dar es Salaam kutumikia nyumba za Wazungu, alianza kuchora mwaka 1968. Mwaka 1972 alikufa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu, tena ya mtu aliyekuwa akihangaikia riziki, akichora chini na kuuza nje ya duka ambako wageni walikuja kununua mahitaji yao. Hakuacha chuo wala kitabu. Picha zake nyingi zilinunuliwa na watu ambao mikataba yao ya kazi ilipokwisha walizifunga pamoja na vyombo vyao wakaondoka nazo.

Hebu fikiri mambo yangekwendaje kama asingenakiliwa. Mwaka 1973 Msasani kusingekuwa na kitu. Picha zingetawanyika kwenye sebule za Ulaya, na baada ya miaka ishirini mrithi mmoja angekuta kipande cha ubao chenye ndege wa rangi kali, akashindwa hata kusema kilitoka nchi gani. Jina lenyewe tusingelijua. Kilichozuia hayo ni vijana wachache, wengi wao ndugu na jamaa, walioketi ubavuni mwake wakachora alichochora: Ajaba, Adeusi, January Linda, Kasper Tedo, Simon Mpata. Alipokufa hawakuwa na cha kufuata ila picha zake, wakazirudia. Mwaka 1977 walijiunga kuwa kikundi, mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Mtindo huu umeishi bila mwasisi wake zaidi ya mara kumi ya muda aliokuwa nao. Sijui sanaa nyingine mjini kwetu iliyoponea padogo namna hiyo, na iliponea kwa jambo lile lile tunalolilaumu.

Anayelaumu pia mara nyingi hajaitazama kazi ikifanyika. Picha hizi zilianza kwenye vipande vya mraba vya hadibodi, ubao mwembamba wa kupigia dari, na rangi ya mafuta ya makopo, ile ya kung'aa inayopakwa baiskeli. Vilikuwa vitu vya dukani mtaani, vya bei ya mtu wa kipato kidogo. Lakini rangi ya mafuta haina haraka. Ukipaka mandhari yote ya njano, huwezi kumweka tembo juu yake mpaka ikauke, na wakati wa masika, hewa ya Dar es Salaam ikiwa imejaa maji, unaweza kungoja mpaka kesho. Fundi mwenye watoto wa kulisha hakai akautazama ubao mmoja ukikauka. Anapanga mbao tano, anazipaka mandhari zote, kisha tembo watano, kisha madoadoa, kisha majani. Kijana anayejifunza anapewa madoadoa, kwa kuwa akikosea hapo hakuna hasara kubwa. Kwa hiyo picha tano zinazofanana zinatokana na rangi yenyewe na njaa ya mchana. Na ndani ya kazi hiyo ya kurudia kijana anapata mkono. Hatuna njia nyingine ya kuupata mkono kwa mtu ambaye karo ya chuo hana.

Tena, ni wapi katika pwani hii ambako kurudia kumeitwa wizi? Fundi wa milango ya Zanzibar huchonga mnyororo, yungiyungi na samaki kama alivyochonga aliyemfundisha, na yule kama aliyemfundisha yeye. Hakuna anayesimama mbele ya mlango wa Shangani akasema huyu kakopi. Mtu huangalia umejazwa vipi, kina cha patasi, mistari ilivyokutana pembeni. Mtunzi wa mashairi naye huingia katika mizani 16 na vina alivyovikuta, na ufundi wake hupimwa humo humo. Mchoraji wa Msasani tumempimia kipimo cha mahali pengine, kinachotaka kila mtu aanze upya kana kwamba hakuna aliyemtangulia.

Mfano wa mashairi, hata hivyo, una upande wake wa pili, na ni haki niuseme. Bahari, yaani aina ya shairi na kanuni zake, ni ya wote, lakini beti zina mwenyewe. Anayechukua beti za mwenzake akaweka jina lake mwishoni ni mwizi, na watunzi hawamwonei haya. Hapo ndipo wanaolalamika wanapokuwa na hoja, na hoja yao ina uzito. Mtindo wa Tingatinga ni bahari: mandhari ya rangi moja au inayofifia kuelekea chini, mnyama mkubwa katikati, mstari safi, mapengo yaliyojazwa ndege na maua. Picha moja mahususi ni beti. Kuna siku mtu fulani alikaa akawaza samaki hao wabanane hivyo, akajaribu, akaharibu, akapata. Ilipouzika, baada ya muda kila kibanda kilikuwa nayo. Aliyeiwaza hakupata zaidi ya bei ya ile ya kwanza, na punde akalazimika kuiuza yake kwa bei ya wanaomnakili. Ukimwambia kijana abuni kitu kipya, atakuuliza kwa faida ya nani, na ni swali la haki.

Kuna baya zaidi ya hilo. Picha zenye sahihi ya E. S. Tingatinga ambazo marehemu hakuzigusa zimeuzwa. Huko kunakili hakuna utetezi. Mwanafunzi anayechora chui wa mwalimu wake na kuandika jina lake mwenyewe anaendeleza kazi. Anayeandika jina la maiti anamwibia maiti, mnunuzi na wachoraji wenzake kwa pamoja.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha iliyochorwa, haiulindi mtindo, na COSOTA, ofisi ya serikali ya hakimiliki, ipo kupokea kazi na malalamiko. Kwenye karatasi, mpaka niliouchora hapo juu umeshachorwa. Ila yafikirie maisha yenyewe. Aliyenakili picha yako ni mtoto wa shangazi yako. Ndiye aliyekupokea ulipotoka Tunduru, mnakula sinia moja mchana, mkiumwa mnachangiana. Utampeleka wapi? Utamdai nini, naye kauza kwa bei ya nauli na unga? Wanaosema wachoraji hawajui haki zao wanakosea. Wengi wanajua vizuri, na wameona kwamba kuzidai kutawagharimu jambo kubwa kuliko picha.

Na bado nadhani mkosaji mkubwa hayumo kibandani. Mtindo huu haukuanza na wanyama wa mbuga peke yao, wala haukuishia hapo. Zipo picha za hospitali yenye foleni ya wagonjwa, za mganga na mteja wake, za pombe na ugomvi, za harusi, za daladala iliyojaa watu wakitoa vichwa madirishani. Humo kuna maneno yameandikwa kwa Kiswahili, kuna mizaha ambayo mgeni haielewi mpaka atafsiriwe. Ndizo picha ngumu kunakili, maana kila mtu ndani yake ana shughuli yake, na mchoraji asiyeijua hospitali ya wilaya hawezi kuidanganyia. Lakini ni chache, kwa sababu anayelipa ni mgeni, na mgeni kaja kwa twiga. Kazi inayorudiwa ni kazi inayouzika. Mwaka 1968 mnunuzi alikuwa Mzungu nje ya duka. Mpaka leo kwa sehemu kubwa ni yule yule. Kama sisi tungekuwa tunanunua daladala kwa ajili ya sebule zetu, zingechorwa daladala kumi, na katika kumi hizo moja ingekuwa ya ajabu.

Kwa hiyo anayetaka kunakili kukomeshwe kabisa, mimi simo. Kukikomeshwa, shule pekee ya hawa vijana imefungwa, na tumeutupa mkono uliokitoa kitu hiki katika kifo cha mwaka 1972. Ninachokubali ni kidogo zaidi na kigumu zaidi: nyuma ya kila picha yaandikwe majina mawili, la aliyeichora na la aliyeiwaza kwanza, pamoja na mwaka. Mgeni atalipa zaidi akijua anabeba chui wa nani. Kijana atajua kwamba akibuni, jina lake litasafiri kwenye mbao za wenzake hata kama fedha haikusafiri nalo. Wala hakuna binamu atakayepelekwa mahakamani.

Ugumu wake ni kwamba la pili kati ya majina hayo, kwa picha nyingi tunazozijua, liko vichwani mwa mafundi wazee, na wengi wa kizazi cha kwanza wameshafariki. Kuwauliza waliobaki hakuhitaji mfadhili. Kunahitaji daftari, na mtu wa kwenda kukaa nao Msasani mchana, wakati mbao zimepangwa juani zikikauka.