Geuza begi ndani nje kabla hujatoa hela

Eti nimelizidishia.

Begi la mgongoni nimenunua 35,000, ndo kwanza wiki ya sita, mkanda umechomoka, nimelirudisha dukani wala sio kudai hela, nilitaka tu alione, jamaa kaligusa kwa vidole viwili kama panya aliyekufa alafu ananiambia, "Kaka, hili ulilizidishia, hili sio la mizigo." Sasa jamani, begi ambalo sio la mizigo ni la nini? La kupigia picha? La kutundika ukutani wageni waone?

Ngoja niseme ilivyokuwa maana najua kuna mtu keshaanza kusema mi ndo mkorofi. Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta na printa, sina fremu, ofisi yangu ni hilo begi. Hapa Kigoma asubuhi niko Gungu, mchana Ujiji, jioni napigiwa simu Kibirizi na mtu wa stoo ya dagaa ambaye printa yake ukiifungua tu unakutana na harufu ya ziwa. Siku hiyo natoka Mwanga nashuka mjini kwa boda, ule mteremko wa kwenda stesheni mnaujua, dereva kakwepa mbuzi, nikayumba, begi nimelivaa bega moja (haya, hilo nakubali, bega moja, kosa langu, tuendelee), mkanda ukachomoka juu kabisa pale unapoingilia kwenye begi, nkasikia tu puu nyuma. Ndani kulikuwa na laptopu ya mama mmoja mwenye duka, nimeshamfungia diski mpya, inafanya kazi vizuri, narudisha nilipwe changu. Imerudi na ufa kona hadi kona. Kioo nanunua mimi, na kazi yote ile nimefanya bure.

Hasira zangu nikazipeleka Ujiji kwa mzee mmoja fundi viatu anayekaa chini ya mwembe, nilitaka anishonee tu niondoke. Yule mzee hakuchukua hata uzi. Kalipakata begi, akafungua zipu yote, akaligeuza ndani nje kama anachuna sungura, alafu akaniita.

"Mwanangu, we ukinunua begi huwa unaangalia nini?"

"Zipu, mzee wangu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Wote zipu."

Akanionyesha. Mkanda wa bega, ule ambao mi naubebesha kilo nane kila siku, ulikuwa umeingizwa kwenye mshono kiasi cha upana wa kucha ya kidole gumba. Umepigwa mstari mmoja wa cherehani, basi, wakaendelea na mambo mengine. Hakuna kipande cha kushikiza nyuma, hakuna kurudia. Na kilichonimaliza ni kwamba uzi haukukatika! Uzi ulikuwa mzima kabisa umebaki umeshika nyuzi nyuzi za kitambaa, kitambaa chenyewe ndo kimefumuka ukingoni kikautema mkanda. Kwahiyo hata wangeshonea waya ingekuwa vilevile, maana hamna nyama ya kushika.

Alafu akavuta begi lake la vifaa, mtumba limepauka mpaka hujui lilikuwa kijani au bluu, akaligeuza nalo. Hapo ndo nikaelewa. Mkanda umezama ndani kama vidole vitatu. Nyuma yake kuna kipande cha mkanda mzito kimewekwa, alafu umeshonwa mraba, na ndani ya mraba msalaba, kona kwa kona. Kingo zote za ndani zimefungwa utepe, huoni uzi hata mmoja unaning'inia. Ndani kuzuri kuliko nje, na ni begi la nyundo na gundi!

Tangu siku hiyo nimekuwa kero. Nimegeuza mabegi ya washkaji wote, nimegeuza la dada yangu, nimegeuza mabegi ya kuuza pale sokoni mpaka vijana wameanza kuniita mkaguzi, na nawaambia hivi, begi halifi kitambaa, begi linafia kwenye kiungo. Ukitaka kujua kama litakaa angalia sehemu nne tu, mikanda miwili inapoingia juu na inapoingia chini, na ukipata nguvu ya ziada angalia na kishikio kile kidogo cha juu. Kilo nane begi likiwa limetulia mezani ni kilo nane, ila uko nyuma ya boda, barabara ya vumbi, kila shimo ukipaa ukirudi chini ile kilo nane inavuta kama mbili zake, na zote zinaning'inia kwenye mishono miwili midogo ya juu. Fanya hivyo kutwa mara mia, mwezi mzima. Alafu mtu anasema umelizidishia.

Na msidhani dawa ni kupiga mishono mingi mingi. Mzee kanionyesha begi la mtoto wa shule ambalo fundi mwingine alilipiga cherehani kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kwenye kitambaa chepesi, sindano imetoboa mstari wa matundu kama stempu za posta, likaja kuchanika papo hapo kwenye ule mstari. Kwanza weka kipande kigumu nyuma ndo ushone. Begi langu kalirekebisha hivyo, kachukua mpira wa tyubu ya baiskeli na kipande cha mkanda wa gari, shazia, uzi wa kiatu, 4,000 yote. Uzi ni mweupe, begi ni jeusi, linatisha. Ila nimemwambia dogo mmoja wa kilo hamsini na kitu aning'inie, akaning'inia.

Ushauri wangu kama umeshanunua lako jipya na huna hela ya lingine, usisubiri lichomoke. Toka dukani nenda moja kwa moja kwa fundi viatu, kabla hujaliweka hata daftari.

Sasa hayo mengine wanayotuuzia nayo. Ile namba ya D ya kitambaa, 600D, 1000D, watu wanaitaja kama uwezo wa injini. Ni uzito tu wa uzi, mita 9,000 za huo uzi zina gramu ngapi. Inakuambia unene, haikuambii umeshonwaje, na nailoni na poliesta zenye namba moja haziko sawa, nailoni inavumilia zaidi kusuguliwa, poliesta inavumilia zaidi jua. Zipu za YKK kweli ni nzuri, Wajapani hao wako kwenye zipu tangu 1934, ila siku hizi kila zipu mjini ni YKK, nimeona hadi moja imeandikwa YYK. Cha kuangalia ni unene wa meno, mfuko mkubwa usikubali zipu nyembamba kama ya suruali. Na zipu ikianza kuachia nyuma usiitupe, mara nyingi meno ni mazima, kichwa ndo kimelika na vumbi, kibane taratibu kwa koleo pande mbili, utasogea nayo miezi kadhaa. Waterproof? Kitambaa hakipitishi maji, matundu ya sindano yanapitisha, zipu inapitisha, weka laptopu kwenye mfuko usiopitisha maji ulale. Na tundu la USB! Waya umetoka nje ya begi, ndani umeunganishwa na pawabenki ambayo hawajakupa. Yaani wamekuuzia tundu.

Mabegi ya semina sisemi kitu. Mkoa huu kwa semina hatujambo, kila nyumba yana ukoo, yameandikwa usawa wa jinsia, yameandikwa chanjo, na zipu inakufa kabla hujarudi nyumbani na posho.

Kuna watakaosema chukua mtumba, na mi nakubaliana nao lakini sio kwa moyo wote. Mtumba faida yake ni kwamba lishateswa na mwingine, kama mishono imevuka miaka kumi mgongoni kwa mtoto wa shule wa Marekani basi itanivumilia na mimi. Nilishapata JanSport safi kwa 18,000, kampuni hiyo ipo tangu 1967 na wanasema begi likiharibika wanakutengenezea maisha yako yote, sasa maisha ya nani sijui, maana nauli ya kulipeleka Marekani nanunua matatu. Ubaya wa mtumba uko kwenye ule utando wa ndani wa kuzuia maji. Joto na unyevu vinauozesha taratibu hata kama begi limekaa tu kabatini. Pitisha kiganja ndani, ukitoka na unga mweupe au kikanata kama gundi, acha hapohapo, huo utando utabanduka ukujae kwenye kibodi, na kufua ndo unaharakisha. Nimeyaona hayo kwa macho yangu kwa mteja, na ni mimi niliyesafisha.

Alafu tusidanganyane, hapa kwetu begi halibebi laptopu tu. Ukienda kumsalimia shangazi hutoki mikono mitupu. Unasema shangazi acha, nina kazi, na yeye keshafungua zipu anachomeka chupa ya mawese, "We mtoto, sasa nitakupa nini?" Nina begi lina ramani ya rangi ya chungwa chini mpaka leo, nimelifua kwa kila sabuni inayouzwa Mwanga, na chaja ya laptopu ilinukia mawese miezi. Kwahiyo mi begi lisilo na mfuko wa pembeni wa chupa wenye mshono wa maana silichukui hata liwe zuri vipi. Na waliopanda treni kwenda Dar, kilomita zaidi ya 1,200, wanajua kile kishikio cha juu ni cha nini, uko nje, mwenzako yuko ndani anakupokelea begi dirishani, hana pengine pa kushika zaidi ya hapo. Enzi za Liemba, ile meli ya ziwani, ndo usiseme, kijiji hakina gati, unashukia kwenye mtumbwi, begi linafuata kwa kurushwa, na anayedaka hadaki begi, anadaka kishikio.

Yule muuzaji nimemfikiria tena lakini. Na yeye hashoni, analeta alichokikuta Kariakoo, na akileta la 90,000 nani atanunua? Mi mwenyewe nililipita moja la hivyo nikacheka bei. Hapo nimenyamaza kidogo. Ila bado, ungeniambia tu pole kaka, ningeenda.

Jana nimepita palepale dukani kwake. Mabegi yaleyale yametundikwa, mzigo mpya, na mama mmoja na mwanae wa sekondari wamesimama, mama anafungua zipu anafunga, anafungua anafunga, anatingisha kichwa kwamba safi. Nilikuwa na haraka. Nikajikuta nimeshalishika begi, nimeligeuza ndani nje, nimeweka kidole kwenye ule mshono. "Mama, shikamoo, naomba uangalie hapa." Mwenye duka kanitolea macho, dogo kaona aibu.

Mama akaangalia, akaangalia tena, alafu akaniuliza, "Marahaba baba. Na yale yako wewe unayauzia wapi?"