York: Ukuta Ni Bure, Mengine Utayajua Mwenyewe

Jamani, ni nani aliyewaambia watu kwamba York, kule kaskazini mwa Uingereza, ni mji wa kwenda kupumzika? Kila mgeni akishapiga picha na ile saa kubwa ya London, swali linalofuata ni moja: "Na ule mji wenye ukuta wa kizamani, tunaenda lini?" Haya, twendeni. Ila tusije tukalaumiana.

Mateso yanaanzia King's Cross, kituo cha treni cha London, ukuta wenyewe bado uko mbali. Treni ya kasi hutumia takriban saa mbili, hilo silalamikii. Nalalamikia tiketi. Ukinunua wiki kadhaa kabla, bei ina utu. Ukijitokeza dirishani asubuhi ya safari na kusema "nipe ya kwenda na kurudi", utatajiwa kiasi ambacho ukikipigia hesabu ya shilingi za Tanzania, na pauni moja inazidi elfu tatu, utaomba kiti. Tena ile tiketi ya bei nafuu ina wivu: inaitambua treni moja tu, ya saa ile iliyoandikwa. Mjomba akisimama kununua kahawa mkachelewa, imekufa hiyo, mnanunua nyingine. Namba ya jukwaa nayo hutangazwa dakika za mwisho, watu mamia wanatimka pamoja na masanduku yao, na milango hufungwa kabla ya saa ya kuondoka kutimia. Halafu usipande ya Leeds. Inatoka kituo hicho hicho, inapita njia hiyo hiyo, ikifika Doncaster ndipo inachepuka. Ukishtuka mapema, shuka Doncaster udandie ya York. Ukisinzia utaamkia Leeds, na Leeds hakuna ukuta wa kumwonyesha mtu.

Basi mmefika. Mkitoka kituoni ukuta uko ng'ambo ya barabara, na mgeni hachelewi: "Tupande hapa hapa tuuzunguke wote!" Tulia kwanza. Kwenye ramani unaonekana duara zuri, kama kilometa 3.4, mrefu kuliko kuta zote za miji ya zama za kati zilizobaki Uingereza. Kupanda ni bure. Wanachosahau kukwambia ni kwamba duara lenyewe lina mapengo. Unapita juu ya Micklegate Bar (huku "Bar" ni lango la ukuta, si la pombe) ukitembea kifalme, unafika Baile Hill, ukuta basi. Unashuka, unavuka mto Ouse kwa daraja la Skeldergate, unaupita mlima wa ngome, ndipo unaukuta tena kwenye kimnara cha Fishergate. Unapanda. Unapita Walmgate Bar, unafika Red Tower, mnara wa matofali mekundu, na hapo ukuta unakuaga mara ya pili.

Hilo pengo la Red Tower ndilo linalovunja ndoa. Mwishoni mwa miaka ya 1060 watu wa mfalme William Mshindi waliuziba mto Foss karibu na ngome, maji yakatuama upande wa mashariki, pakawa ziwa na tope tupu. Wakaliita bwawa la samaki la mfalme. Sasa nani ajenge ukuta mahali ambapo adui atazama mwenyewe? Wakaokoa mawe yao. Miaka ikapita, bwawa likajaa mchanga likafa, na ukuta haukujengwa tena. Ndiyo maana leo, ukiwa bado na kichwa kilichojaa mashujaa na mishale, unajikuta kando ya Foss Islands Road, magari yanakupita na maduka makubwa yanakuangalia, kwa kama nusu kilometa. Hapo wengi hudhani wamepotea. Angalia chini: kuna vipande vidogo vya shaba vimepigiliwa kwenye njia ya waenda kwa miguu. Vifuate hivyo hadi Layerthorpe, utapanda tena kuelekea Monk Bar.

Mzunguko mzima utakula saa mbili, ukijumlisha za kusimama na kuhema. Ngazi ni za mawe, zimelika katikati, na mvua ikinyesha zinateleza. Njia ya juu ni nyembamba, mkikutana na kundi la wanafunzi inabidi mtu mmoja ajibanze. Sehemu nyingi upande wa ndani hakuna reli ya kushika. Ni ukingo, halafu bustani ya mtu huko chini. Kwa hiyo kigari cha mtoto kiacheni hotelini, mtoto ashikwe mkono, na shangazi aliyevaa viatu vya harusini abaki mkahawani, asitutie majaribuni. Mbwa haruhusiwi, labda wa kumwongoza asiyeona. Barafu ikiganda wanafunga.

Na kuna hili la jua. Malango ya ngazi hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa giza likianza kuingia. Juni hakuna neno, jua linazama baada ya saa tatu usiku. Lakini kuna watu huja Desemba, wanaamka saa nne, wanakunywa chai hadi saa saba, wanasema "ukuta tutaupanda jioni". Jioni ipi, bwana? Desemba jua linazama kabla ya saa kumi! Mmekuja toka Tabata kutazama kufuli.

Mwenye nafasi ya kipande kimoja tu achukue cha kutoka Bootham Bar hadi Monk Bar. Dakika ishirini za mwendo wa pole, kanisa kuu limekaa pembeni muda wote kama limeajiriwa kupigwa picha. Mwezi wa tatu kuingia wa nne, majani ya mteremko chini ya ukuta hujaa maua ya njano. Hapo hata mimi hunyamaza. Micklegate Bar msiikose pia, kwa sababu nyingine: ndilo lango walilotundika vichwa vya waliochukuliwa kuwa wasaliti. Mwaka 1460 kichwa cha Richard, mtu mkubwa wa ukoo wa kifalme aliyebeba jina la mji huu huu wa York, kiliwekwa juu yake kikivishwa taji la karatasi. Siasa za watu hizo.

Sasa baridi. Wabongo tukifika huko tunajiona wa kwanza kuonewa na ule upepo. Walikwishatutangulia. Mji huu Warumi waliuanzisha mwaka 71, wakauita Eboracum, na mwaka 208 akaja mfalme wao mkuu Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna, Libya ya leo. Aliendesha vita, na dola yake kubwa pia, kutokea kaskazini huko, akafia York Februari 211. Februari, mnasikia? Mwafrika mwenye jeshi zima na bajeti isiyo na mkaguzi, na bado Februari ya York ikampitia. Wewe uliyekuja na sweta moja la mtumba unategemea nini?

Tena kwenye jumba la makumbusho la Yorkshire, ndani ya bustani ya Museum Gardens, yupo mwanamke wa karne ya nne aliyefukuliwa mwaka 1901 akiwa ndani ya jeneza la jiwe. Alizikwa na bangili za pembe za ndovu na nyingine za jeti, jiwe jeusi la mapambo la Yorkshire, shanga, kioo cha kujitazamia. Wataalamu waliopima mifupa yake wanasema yaelekea ana asili ya Afrika Kaskazini, na alikuwa mtu wa uwezo. Jumba linatoza, bustani haitozi, na mnara wa Kirumi wenye pembe nyingi umo bustanini. Wenye mfuko mwembamba ishieni hapo, hakuna atakayewacheka.

Kanisa kuu, York Minster, tiketi ya mtu mzima ni takriban pauni 20. Mnara ni hela nyingine juu yake, ngazi 275 za kujizungusha, nyembamba, na mtoto chini ya miaka minane hapandi. Lilianza kujengwa mwaka 1220, likakamilika 1472. Kwa hiyo fundi anayekwambia "wiki ijayo, bosi" bado yuko ndani ya muda. Isipokuwa yule wa vioo, John Thornton wa Coventry: dirisha la mashariki, kubwa ajabu, alilianza 1405 akalimaliza 1408 kama mkataba ulivyosema, malipo pauni 56. Leo pauni 56 haziwaingizi watu watatu hadi mnarani. Njia ya mjanja ni sala ya jioni. Kwaya inaimba, unakaa kwenye viti vya mbao vilivyonakshiwa, hakuna kiingilio. Ila ni sala kweli: hutazurura, hutapiga picha, na simu ikilia utaombewa wewe.

Mtaa wa Shambles. Hapa ndipo mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe atakapocheka. Kichochoro chembamba, ghorofa za juu za mbao zimeinamiana hadi zinakaribia kusalimiana, na watu wanasukumana kupiga picha ya kitu ambacho bibi yake hukipita kila siku akienda sokoni. Ulikuwa mtaa wa bucha. Mwaka 1872 zilikuwepo 25, leo haipo hata moja, zimebaki kulabu na mbao pana mbele ya madirisha zilikopangwa nyama. Maduka sasa yanauza fimbo za uchawi. Kuanzia saa nne asubuhi hakupitiki, kwa hiyo nenda kabla ya saa tatu, utaukuta mtupu. Mawe ya chini hayajanyooka, na masanduku ya magurudumu hufia pale.

Kisha kuna Jorvik, maonyesho ya Waviking, wale mabaharia wavamizi wa Skandinavia, chini ya ardhi pale Coppergate. Unalipa, unapanda kiti kinachotembea, unapitishwa kwenye kijiji chao, na harufu ya choo chao inapulizwa makusudi. Nasema kweli, makusudi! Halafu ndani ya kabati la kioo wamekiweka kinyesi cha binadamu kilichogeuka jiwe, urefu wa sentimita 20, kilichopatikana mwaka 1972 walipokuwa wakichimba msingi wa benki. Kimepimwa: mwenyewe alikula nyama na mkate, mboga kidogo, tumbo lina minyoo. Mwaka 2003 kilianguka kikavunjika vipande vitatu, wakakiunganisha kwa gundi. Kuna mtu alisoma chuo, akahitimu, wazazi wakachinja mbuzi, akaenda kuunganisha kile.

Chakula, kwa wanaochunga halali: usidhani chipsi ni viazi tu. Yorkshire wana desturi ya kukaanga samaki na chipsi kwa mafuta ya ng'ombe, na huyo ng'ombe hamjui nani kamchinja. Uliza kabla hujalipa. Mchuzi mzito wa kahawia wanaoumwagia chakula nao uliza. Mikahawa ya chai inayosifiwa ina foleni hadi nje; mwenye njaa ya kweli asijiunge. Na mkichoka kabisa, nyuma ya kituo kuna makumbusho ya taifa ya reli. Kuingia bure, ndani kuna Mallard, treni ya mvuke iliyokwenda kilometa 203 kwa saa mwaka 1938, na kuna choo na mahali pa kukaa. Kwa wazee waliouzunguka ukuta, hayo mawili yanaipita Mallard.

Usiku ukiingia mnadhani yamekwisha. Thubutu! Wanatokea mabwana wenye kofia ndefu na makoti meusi, wanakusanya watu barabarani kwa matembezi ya mizimu, kwa pesa. Watawasimulia kuhusu Treasurer's House, ambako mwaka 1953 kijana aliyekuwa akifunga mabomba alisema ameona askari wa Kirumi wakitokea ukutani, wanaonekana kuanzia magotini kwenda juu, kwa kuwa barabara yao ya zamani iko chini ya sakafu. Kwetu mtu huuza kuku ili mganga amwondoe jini nyumbani. York watu wanapanga foleni kwenye mvua, wamelipa, waonyeshwe anakokaa.