Gari Lililopanda Mkarafuu

Msimu wa karafuu hapa Pemba, hata pazia za wodi hunukia. Na majeruhi hawakosi, maana tawi la mkarafuu halina ahadi: unalikanyaga likiwa zima, linakatika kama biskuti. Ndivyo mzee wetu mmoja wa nje ya Wete alivyoteremka bila kupenda, akavunjika mkono chini ya kiwiko.

Mimi ni karani wa madai. Kazi yangu kugeuza maumivu ya watu yawe herufi na namba ili bima ilipe. Katika ICD-10, orodha ya Shirika la Afya Duniani ya misimbo ya magonjwa na majeraha, mkono uliovunjika pale ni S52. Halafu useme umevunjikaje, na wallahi kuanguka kutoka mtini kuna msimbo wake wenyewe: W14. Waliotunga orodha ile nadhani walipita Pemba.

Daktari aliandika W14, ila kwa mwandiko wake. W ya mtu huyu huanza kwa shauku, ikifika katikati inachoka. Mimi nikaona V. Saa nane mchana, joto, njaa, nani afungue faili? Nikaandika V14, nikatuma.

V14 ni mpanda baiskeli aliyegongana na lori au basi.

Baada ya wiki mbili fomu ikarudi na barua ya adabu kabisa. Kwa kuwa hii ni ajali ya barabarani, tunaomba PF3 ya polisi, namba ya gari na jina la dereva, maana huenda wa kulipa ni bima ya gari. Hapo ndipo pa kufungua faili. Nikampigia mzee simu.

"Shikamoo mzee. Lile gari lililokugonga lilikuwa namba gani?"

Kimya. Nikasikia kuku wake.

"Gari?"

"Naam, ulipokuwa juu ya baiskeli."

"Mwanangu, mimi nilikuwa juu ya mkarafuu. Hilo gari lilipandia wapi?"

Faili nikalifungua simu ikiwa bado sikioni. Mstari wa kwanza, wino wa buluu: ameanguka kutoka mkarafuu.

Mwenye akili angeomba radhi, akaandika upya. Mimi nikachukua ile rangi nyeupe ya kufutia, nikaipaka V, nikaipuliza ikakauka, nikachora W ya kufundishia chekechea. Fomu ikarudi tena. Kumbukumbu ya mgonjwa haifutwi: kosa hupigwa mstari mmoja tu ili lisomeke, lililo sawa likaandikwa pembeni, ukatia saini na tarehe. Mafunzoni swali hilo nililipata, tena nilimnong'oneza na jirani yangu.

Ikabidi fomu mpya, pamoja na maelezo ya daktari mwenyewe, ambaye aliandika W tatu mfululizo huku akinitazama usoni. Malipo yakapita.

Siku ya kutolewa hogo mzee akaja mpaka dirishani kwangu na kijana wa miaka kama kumi.

"Shikamoo mzee, mkono vipi?"

"Marahaba, alhamdulillahi. Huyu mjukuu wangu. Nimemwambia baiskeli yangu iko kwenu, kwenye makaratasi. Amekuja kuichukua."